Nilivyoipeleka Herufi ya Bibi Mombasa

Bibi yangu ana jarida moja tu kwenye kasha lake. Lina kurasa ishirini, limepigwa taipu, likachapwa kwa stensili na kubanwa pini mbili mgongoni, na karatasi zake sasa zina rangi ya chai ya maziwa. Lilitoka Mombasa mwaka 1994. Ukurasa wa 11 una orodha ya askari wa Keya, jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki, waliopandia meli Kilindini kwenda vita vya Burma wakati wa Vita Vikuu vya Pili na hawakurudi, na katikati ya orodha hiyo limo jina la baba yake. Limo, lakini limepungua herufi moja. Bila herufi hiyo linakuwa jina la mtu mwingine kabisa, mtu wa mtaa wa pili pale Tanga, aliyeishi hadi miaka ya sabini akiuza samaki.

Miaka thelathini Bibi ameusoma ukurasa ule kwa fahari na kwa kinyongo. Mwezi uliopita akaniita. "Mjukuu wangu, mimi nimeshakula chumvi nyingi. Nenda kamwambie yule bwana aitie ile herufi."

Nikafunga safari.

Basi la alfajiri kutoka Tanga lilitufikisha Horohoro jua likianza kuchoma. Tukapanga foleni, tukagongewa mihuri, tukabadilisha shilingi zetu kwa shilingi za Kenya, tukaingia Lunga Lunga. Ukivuka pale huoni kilichobadilika, ni minazi ileile na mikorosho ileile, na kina mama wanaouza mihogo wanakusalimia kwa Kidigo kilekile cha nyumbani. Nililala Msambweni ikapita, nikaamka Ukunda kwa kelele za makondakta. Saa saba mchana nilikuwa Likoni, katikati ya umati unaoteremka mteremko kuelekea feri.

Mtu wa kwenda kwa miguu halipi kitu kwenye feri ya Likoni, na labda ndiyo sababu watu huvuka bila kuyatazama yale maji. Mimi niliyatazama. Mkondo ule ni mlango wa Kilindini. Kila meli iingiayo au itokayo bandarini hupita hapo, mbele ya miguu yako. Mapema Februari 1944 ilipita hapo Khedive Ismail ikielekea Colombo, imebeba watu zaidi ya 1,500, wengi wao wapiga mizinga wa Kikosi cha 301 cha Afrika Mashariki, pamoja na wauguzi. Tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Wajapani iliipiga kwa torpedo. Haikumaliza dakika tatu juu ya maji. Waliokufa ni 1,297. Baba yake Bibi aliondoka mwaka uliotangulia, kwa meli nyingine, akafika salama. Lakini alitoka kwa mlango huohuo, na hakurudi kuuona tena. Nilishika chuma cha ukingo mpaka feri ikagonga ng'ambo.

Mtu niliyemfuata anakaa Kuze, Mji wa Kale. Aliniomba nisiandike jina lake, nami nimemtii; mtaani hata watoto humwita Afande. Nilipouliza pale penye meza ya kahawa, kijana aliyekuwa akimimina aliacha dele lake akanipeleka hadi mlangoni.

"Hodi!"

"Karibu, mwanangu, ndoo ndani. Wewe ndiwe wa Tanga?"

"Ndimi. Shikamoo, Afande."

"Marahaba. Keti. Usinambie neno kabla hujala."

Nikaletewa mahamri na mbaazi. Mzee mwenyewe ni mrefu, amenyooka kama mlingoti, na miwani yake imefungwa kamba shingoni. Chumba kizima kilikuwa karatasi: rimu mpya chini ya kitanda, majalada juu ya kabati, na pembeni, chini ya kitambaa cha kashida, mashine ya stensili aliyoanzia kazi. Haifanyi kazi tena, lakini huipangusa vumbi kila Ijumaa.

Aliingia jeshini kijana mdogo, miaka ya sabini. Baba yake, kuli wa Kilindini, hakupenda. Yeye alikuwapo Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa walipogoma na kukutana kila siku Kiwanja cha Maskini, na kwake yeye sare ilikuwa sare ya kumpiga mtu kama yeye. Mwana akaenda hivyohivyo. Jeshini, kwa kuwa mwandiko wake ulikuwa mzuri, wakamfanya karani wa kombania, na hapo ndipo uandishi wake ulipozaliwa. Kila asubuhi aliandika daftari la majina: nani yupo, nani mgonjwa, nani yuko likizo, nani hakuonekana. Afisa husoma, askari huitika. "Mtu asiyeitwa hali," aliniambia. "Ukimruka kwenye karatasi, jikoni hawana chakula chake. Nilimruka mmoja siku moja. Akaja akasimama mbele yangu na sahani tupu, hakusema kitu."

Mwaka 1989 alipelekwa Namibia na batalioni ya Kenya iliyokuwa chini ya Umoja wa Mataifa, pamoja na zile za Finland na Malaysia. Hapa mzee aliacha kula. Aliwaona watu wa Namibia wakipiga kura ya kuelekea uhuru wao siku tano, tarehe 7 hadi 11 Novemba, na zaidi ya asilimia 97 ya waliojiandikisha wakajitokeza. Yeye alikuwa analinda foleni. Hakukumbuka hotuba yoyote. Alikumbuka vikongwe waliofika kabla ya jua, kila mmoja akiulizwa jina mezani, naye akilitaja kwa sauti inayosikika hadi nje kwenye mchanga. "Walikuwa wakilitaja kama watu wanaodai deni lao," alisema.

Alistaafu 1991. Mafao yake yalikwama miezi minane katika ofisi moja kwa sababu jina la baba yake lilikuwa limeandikwa namna mbili kwenye faili moja. Kiinua mgongo kilipotoka, mkewe alitaraji paa jipya la mabati. Akaletewa taipureta na mashine ya stensili, zote kuukuu. Mama huyo ameshatangulia mbele ya haki, na mzee alipofika hapo alinyamaza kitambo, kisha akasema paa lile alilijenga baadaye, lakini alichelewa.

Toleo la kwanza lilitoka 1992. Nairobi wakati ule majarida kama Society na Finance yalikuwa yakinyang'anywa mikononi mwa wauzaji, na mhariri wa Nairobi Law Monthly, Gitobu Imanyara, alikuwa ameshaonja kizuizi. Hapa Mombasa walikuja watu wawili wasiovaa sare, wakaondoka na nakala arobaini. Jarida lenyewe halikuwa na siasa za vyama. Lilikuwa na kumbukumbu za makuli, wavuvi, na askari wastaafu; lakini kuuliza kwa nini askari wa zamani hajulikani alikozikwa ni swali pia.

Nilimwambia nilidhani askari anayegeuka kuwa mwandishi ni jambo geni. Akakataa. Akanitajia Paul Ngei, aliyekuwa Keya wakati wa vita vya Hitler, kisha akaanzisha gazeti la Wasya wa Mukamba. Na Bildad Kaggia, karani wa jeshi aliyefika Mashariki ya Kati na Uingereza, akarudi akaingia kwenye vyama vya wafanyakazi na magazeti. Wote wawili walihukumiwa Kapenguria mwaka 1953 pamoja na Kenyatta. "Na uchapaji katika mji huu una wenyewe," akaongeza. Kweli. Gazeti la African Standard lilianzishwa hapa na A. M. Jeevanjee mwaka 1902, kabla halijahamia Nairobi. Na Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alitoa gazeti la Sahifa mwaka 1930 na la Al-Islah mwaka 1932. Afande anamheshimu mno kwa vile hakungoja mtu wa kumpa ruhusa ya kuwaandikia watu wake kwa lugha yao.

Ndipo nikatoa jarida la Bibi, nikafungua ukurasa wa 11, nikaweka kidole.

Alivaa miwani. Hakuuliza ni jina gani. Akaangalia mstari ule muda mrefu kuliko inavyohitajika kusoma mstari mmoja.

"Niliiona," akasema.

Sikuelewa.

"Niliiona herufi hii imeruka usiku uleule. Barua ya bibi yako ilikuja na jamaa wa Likoni, imeandikwa vizuri, jina limetimia. Nikapiga taipu, nikaruka herufi. Sasa sikiza. Stensili ukiandika herufi si yake, wapaka dawa nyekundu, wangoja ikauke, wapiga herufi ya haki juu yake. Lakini ukiiruka, hakuna nafasi ya kuitia. Wahitaji stensili mpya, ukurasa mzima, majina hamsini na mbili upya. Nilikuwa na stensili moja imebaki, na ilikuwa ya jalada. Nikasema nitasahihisha toleo lijalo. Toleo lijalo likaja na mambo yake."

Nilikuwa nimejiandaa kwa mzee atakayebisha, au atakayesema hakumbuki. Sikuwa na jibu kwa mtu aliyekumbuka. Nilimwambia tu kwamba Bibi hana hasira, jambo ambalo si kweli sana, na nadhani alijua.

Jua lilipopungua akanitoa. Tulipanda tuktuk hadi Mwembe Tayari, tukatembea Barabara ya Jomo Kenyatta mpaka kwenye mnara wa askari, zile sanamu za shaba zilizojengwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Matatu zinapita pande zote, na watu hukaa kivulini wakimenya machungwa. Maandishi ya mnara mwenzake wa Nairobi yanawataja wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi, watu ambao kikosi chao, Carrier Corps, ndicho kilichoacha jina la Kariakoo Dar es Salaam na Kariokor Nairobi. Afande alinizungusha pande zote za mnara.

"Tafuta jina," alisema.

Hakuna. Sanamu zina bunduki, zina sura, na hata mikunjo ya nguo imechongwa kwa ustadi, ila jina la mpagazi au askari hata mmoja hakuna. Nilijua hivyo kabla, kwa kusoma. Kuzunguka jiwe lile huku mzee ananishika kiwiko ni jambo jingine. Nikamwambia kwamba waliopotea Burma wana nguzo zao za kumbukumbu Taukkyan, karibu na Yangon, zenye majina karibu 27,000. Akasema anajua, na kwamba mjukuu wa mtu wa Tanga hawezi kwenda Yangon kusoma jina la babu yake, lakini Kuze anaweza kufika kwa basi na feri. Kwa hili namuunga mkono kwa moyo wote. Jarida la kurasa ishirini lililomo kwenye kasha la Bibi limefanya kazi ambayo shaba yote ile haikuifanya, hata likiwa na kosa.

Baba yake Bibi alikuwa katika Batalioni ya 36 ya Keya, ya Watanganyika. Walipita bonde la Kabaw mwaka 1944 katika mvua za masika ya kule, matope hadi magotini, malaria ikiwaangusha pamoja na risasi, hadi Desemba mji wa Kalewa ulipotekwa kando ya mto Chindwin. Wapi hasa alianguka, nyumbani kwetu hakuna anayejua.

Usiku Afande alifungua kabati akatoa daftari kubwa lenye jalada la kijani. Humo ndimo anamoandika majina yote tangu 1992, yaliyochapwa na yanayongoja. Siku hizi binti yake humpangia kurasa kwa kompyuta, na jarida hutoka pesa zikipatikana, pengine mara moja kwa mwaka. Lakini daftari ni lake peke yake. Akalipata jina. Akaomba nimtajie herufi moja moja, kwa sauti. Nikataja. Akaandika upya jina zima pembeni, la baba na la babu, akaweka tarehe, kisha akanigeuzia daftari nisome kabla halijakauka. Toleo lijalo, alisema, ukurasa wa pili utakuwa wa masahihisho, na hilo litatangulia.

Asubuhi, kwenye feri ya kurudi Likoni, nilimpigia Bibi simu. Upepo ulikuwa mkali, ikabidi nipaze sauti watu wakanigeukia. Nikamweleza yote, hadi stensili ya jalada.

Alinyamaza, kisha akauliza: "Ameandika kwa penseli au kwa wino?"

"Kwa wino, Bibi."

"Haya. Njoo nyumbani."