Mashine ya mkate: nilivyohangaika nayo mpaka ikalizoea joto la Dar

Niseme ukweli, sikununua mashine ya mkate (ile unayoitilia unga, maji na hamira, inakanda, inaumua na kuoka yenyewe) kwa ajili ya afya wala nini, nilinunua kwa hasira. Nyumbani tuko sita, mkate mmoja wa dukani unaisha kabla mtu wa mwisho hajatoka bafuni, na wenyewe siku hizi ukiubonyeza unabaki umebonyea, ukichovya kwenye chai unakatikia humo humo unabaki unauvua na kijiko. Waifu akasema basi tuwe tunapika chapati kila siku, nikamuuliza nani atasukuma chapati saa kumi na moja alfajiri, akaniangalia tu. Nikaelewa ni mimi.

Basi nikaanza kuzunguka kwenye maduka ya vyombo vya umeme vya mtumba. Ya kwanza niliyoiona ilikuwa nzuri balaa, inang'aa, sh 80,000, nikaigeuza kusoma kile kibandiko cha chini, imeandikwa 120V. Hiyo ni ya Marekani hiyo. Umeme wetu ni 230, ukiichomeka hivi hivi umeiunguza siku hiyo hiyo, na ukitaka kuitumia itabidi utafute transfoma ya kubeba wati 700, lidude zito kuliko mashine yenyewe. Muuzaji ananiambia "chukua tu kaka, fundi atakubadilishia". Nikamshukuru nikaenda zangu.

Ya pili ilikuwa ya Uingereza, 220-240V, plagi yake ya miguu mitatu inaingia kwenye soketi zetu bila adapta. Hapo nikajifanya mjuaji. Nikafungua mfuniko nikatoa sufuria ya ndani, nikaangalia ile rangi nyeusi isiyoshika kama haijachunika, nikaangalia kama kipala cha kukandia kipo (kale kadude kadogo kanakokaa chini katikati, kwenye mtumba huwa kanapotea na bila hako umenunua boksi la kupashia moto), afu nikaomba maji, nikajaza sufuria, nikaiweka juu ya gazeti dakika kumi tunapiga stori. Manake chini ya sufuria kuna chuma kinachozunguka na mpira wake, mpira ukichakaa maji yanavuja yanaingia kwenye mota. Gazeti likabaki kavu. Nikalipa 95,000. Kitabu cha maelekezo hakikuwepo, nikakitafuta intaneti kwa namba ya modeli.

Sasa bwana, mkate wa kwanza. Kitabu kinasema maji ya uvuguvugu, nikaweka ya uvuguvugu. Kipimo cha unga kinasema vikombe, nikachukua kikombe changu cha chai. Hamira nikamwaga pakiti nzima ya gramu 11 kwa kuwa sikuona sababu ya kubakiza. Nikabonyeza kitufe nikakaa kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Saa ya pili unga ukaumuka mpaka ukagusa kioo cha mfuniko, watoto wanashangilia, mimi nimeshajiona nafungua bekari. Dakika ishirini baadae, moto umeshawaka, katikati pakadidimia chap, ukabaki na kingo nne na shimo, kama kitanda kilichokatika chaga. Tulikula hivo hivo, unanuka hamira kama togwa iliyolala.

Wa pili nao ukadidimia. Wa tatu nilisahau kuweka kipala, kwaiyo masaa matatu mashine imezungusha chuma kitupu, nikakuta uji umeokwa chini, juu unga mkavu. Huo sina la kusema.

Aliyeniokoa ni mama mkwe. Alikuja kutoka Tanga kututembelea, mwanamke aliyekanda mikate ya kuuza maisha yake yote, akaikuta mashine kaunta akaitazama kama mgeni ambaye hajatambulishwa. Nikaiwasha nimuonyeshe. Ilipokuwa inakanda akafunua mfuniko, mimi roho juu, nikamwambia mama hiyo haifunguliwi, akasema "nani kasema?" akaingiza kidole. "Baba, huu umelewa maji. Lete unga." Akanyunyiza kijiko kimoja, akasubiri, akanyunyiza nusu, ule ujiuji uliokuwa umeng'ang'ania pembeni ukaanza kujikusanya ukawa donge moja la duara linazunguka na kipala, sufuria pembeni imekuwa safi. Akanishika mkono akanigusisha. Ukibonyeza unabonyea na kurudi, unashika kidole kidogo afu unakiachia. "Uwe hivi, kama nyama ya sikio hapa chini." Nilijishika sikio kweli.

Baadae nilikuja kusoma jinsi hizi mashine zilivyotengenezwa, nikacheka mwenyewe. Hawa jamaa wa Matsushita, kampuni ya Kijapani, ndio Panasonic wa sasa, walipokuwa wanatengeneza ya kwao iliyotoka 1987 mikate ilikuwa inawagomea, ikabidi dada mmoja wa kazini kwao, Ikuko Tanaka, aende kujifunza kwa mpishi mkuu wa mikate wa Osaka International Hotel, akaona yule mpishi hakandi tu, anauvuta na kuusokota. Wakaenda kuweka vijimbavu ndani ya sufuria viushike unga wakati kipala kinauzungusha. Yaani mashine yenyewe ilifundishwa na mikono ya mtu, afu mimi nakatazwa kuingiza kidole!

Kwaiyo tangu siku hiyo dakika ya kumi hivi ya kukanda nafungua naangalia. Ikishamaliza kukanda na kuanza kuumua hapo sifungui tena, joto linatoka na mkate unaweza kushuka.

Tatizo kubwa lakini lilikuwa joto, na hili kitabu hakikunisaidia kwa sababu kimeandikwa kwa mtu ambaye jiko lake lina baridi. Dar mwezi wa pili jikoni kwangu ni nyuzi 32, unga kwenye ndoo una joto, mafuta yana joto, mashine nayo inapashia wakati inaumua, halafu unaongeza maji ya uvuguvugu! Hamira inakimbia, unga unaumuka na kupitiliza kabla moto haujawaka, ukiguswa na moto hauna nguvu ya kujishikilia unaanguka. Sahivi naweka maji ya friji kabisa. Na vikombe nimeacha, nimenunua mizani ndogo ya dijitali, naweka sufuria juu ya mizani namimina humo humo: maji gramu 290, mafuta vijiko viwili vikubwa, sukari kijiko kimoja kikubwa, chumvi kijiko cha chai na nusu (usiipunguze, chumvi ndio breki ya hamira), unga gramu 500, hamira ya chenga kijiko cha chai kimoja tu cha kufuta, kama gramu 3. Hamira inayobaki kwenye pakiti inafungwa vizuri inaenda friji.

Unga nao una mambo yake. Angalia nyuma ya pakiti pale kwenye protini, ukikuta gramu 11 na kuendelea kwa kila gramu 100 huo una mvuto wa mkate, wa chini ya hapo fanyia keki. Na atta (unga wa ngano usiokobolewa) peke yake inatoa tofali, mimi nachanganya nusu kwa nusu na naongeza maji kidogo kwa sababu pumba inakunywa.

Kuna taima ya kuchelewesha, hii ndio naipenda kuliko vyote. Usiku saa nne napanga, maji chini, unga unayafunika yote, chumvi na sukari pembeni, juu kabisa nachimba kashimo kwenye unga mkavu naweka hamira isiguse maji. Saa kumi na mbili asubuhi nyumba nzima inanuka bekari. Ila kwa taima usiweke maziwa wala mayai, na hili joto letu vitalala vimeharibika.

Umeme je? Nilikaa nikaangalia mita ya LUKU kabla na baada, kila kitu kingine kimezimwa mpaka friji, mkate mmoja haukumaliza hata nusu uniti. Shida sio gharama, shida ni kukatika. Kuna mashine zinakumbuka zilipoishia umeme ukikata dakika kumi hivi, yangu ukikata hata sekunde inaanza upya toka kukanda, kwaiyo ukiwa dukani uliza hilo, mimi sikuuliza. Siku moja ulikata mkate umeshaumuka vizuri, nimekaa nauangalia unavyotaka kupitiliza, mama mkwe akasema washa mkaa. Tukautoa, tukaulaza kwenye sufuria iliyopakwa mafuta, tukausubiri uumuke tena kidogo, mkaa mchache chini, mwingi juu ya mfuniko, moto juu moto chini kama mkate wa sinia. Dakika arobaini. Ulitoka mzuri kuliko wa mashine, na nilimwambia.

Wa kwake lakini ni wa tui. Badala ya maji unaweka tui jepesi la baridi, mafuta unatoa, sukari vijiko vitatu, iliki ya kusaga nusu kijiko cha chai. Rangi ya ganda kwenye mashine chagua ile hafifu kabisa kwa sababu sukari na tui vinawahi kubabuka. Huu haufiki jioni.

Kuosha ni dakika mbili, unaweka maji ya moto ndani yakae kidogo unafuta kwa sponji laini. Usiitumbukize sufuria yote kwenye beseni, ule mpira wa chini ndio unakufa hivo.

Kipala huwa kinabaki ndani ya mkate, unakichomoa na kijiti cha mbao, kinaacha tundu chini katikati. Mwanzoni lilikuwa linaniudhi nikawa nazificha zile slesi chini ya nyingine. Sasa hivi ndio ugomvi wa asubuhi, maana mdogo wetu aligundua kwamba lile tundu linajazwa siagi ya karanga, na kwenye mkate mzima wenye tundu ni slesi mbili tu.