Run Run Shaw: mwenye sinema aliyejenga shule

Wapenzi wengi wa filamu za kung fu katika Afrika Mashariki wameiona ile ngao yenye herufi SB, alama ya kampuni ya Shaw Brothers, inayotangulia filamu, kwanza katika kumbi za sinema za miaka ya 1970 na baadaye katika mabanda ya video, lakini ni wachache wanaomfahamu mtu aliyekuwa nyuma yake. Nimesoma habari za Run Run Shaw kwa muda mrefu, na kila ninapozirudia, kinachonivuta zaidi ni namna alivyoupata utajiri wake kwa ukumbi wa sinema na namna alivyoutoa, kuliko filamu zenyewe.

Alizaliwa Ningbo, katika mkoa wa Zhejiang nchini China, mwaka 1907. Sitamwita mtoto wa masikini, kwa sababu baba yake alikuwa mfanyabiashara wa nguo mjini Shanghai. Hata hivyo, biashara iliyompa jina aliijenga yeye na ndugu zake kwa mikono yao. Kaka yao mkubwa, Runje, alianzisha kampuni ya filamu ya Tianyi mjini Shanghai mwaka 1925, kisha ndugu yao mwingine, Runme, akaenda Singapore kuzitafutia filamu hizo soko, na Run Run, akiwa bado kijana, akamfuata huko. Walikuta milango imefungwa, kwani wasambazaji na wenye kumbi waliokuwapo hawakutaka kuonyesha kazi za wageni hao. Basi wakalazimika kupata kumbi zao wenyewe, na pale ambapo hapakuwa na ukumbi, walizunguka na projekta katika vijiji vya Malaya (leo sehemu ya Malaysia), wakionyesha filamu bubu mahali pa wazi kwa watu ambao hawakuwahi kuona picha ikitembea.

Naamini kunyimwa nafasi huko ndiko kulikowafundisha somo kubwa la biashara yao. Mtengenezaji wa filamu asiye na ukumbi hutumia fedha leo na kungoja huruma ya wengine kesho, ilhali mwenye ukumbi hupokea fedha taslimu kila jioni, na tena huwaona watazamaji kwa macho yake, akajua wanacheka wapi na wanachoka wapi. Kufikia mwaka 1939 ndugu hao walikuwa na sinema zaidi ya 130 katika Singapore, Malaya na nchi jirani, pamoja na viwanja vya burudani. Kisha vita vikaja, na Wajapani wakaikalia Singapore kuanzia 1942 hadi 1945. Kwa simulizi yake mwenyewe, familia ilizika dhahabu, vito na fedha katika bustani ya nyumba, na baada ya vita wakavifukua na kuanza upya.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 alihamia Hong Kong, na mwaka 1958 akaanzisha kampuni ya Shaw Brothers tunayoijua. Kule Marekani, hukumu ya Mahakama ya Juu ya mwaka 1948 ilikuwa imezifanya kampuni kubwa za filamu ziuze kumbi zao, lakini Shaw hakufungwa na sheria ya namna hiyo, kwa hiyo filamu iliyopigwa katika studio yake ya Clear Water Bay ilisambazwa na kampuni ya familia na kuonyeshwa katika kumbi za familia. Studio hiyo, iliyozinduliwa mwaka 1961, ilikuwa na mabweni ya waigizaji na mafundi, na kazi ilikwenda kwa zamu usiku na mchana. Wafanyakazi walimwita Ami wa Sita, kwa kuwa alikuwa mtoto wa sita nyumbani kwao. Jina hilo la mapenzi halifuti ukweli kwamba alikuwa mwajiri mgumu, mwenye mikataba mirefu na ujira mdogo. Raymond Chow, msaidizi wake mkuu, aliondoka mwaka 1970 na kuanzisha kampuni shindani, na Bruce Lee, ambaye Shaw hakukubaliana naye kuhusu malipo, akaenda kwa Chow. Ninayasema haya kwa sababu sifa za mtoaji hazitakiwi kufunika jasho la waliomtajirisha.

Kutoa kwake kulikuwa kukubwa kwelikweli. Kuanzia mwaka 1985, wakati utengenezaji wake wa filamu ulipokuwa ukififia, alianza kuchangia elimu nchini China kwa mpango uliodumu karibu miaka 30, na jumla yake, kwa hesabu ya serikali ya huko, ilifikia takribani dola bilioni 4.75 za Hong Kong na miradi zaidi ya 6,000. Ni maktaba, maabara na vyumba vya madarasa, kuanzia vyuo vikuu hadi shule za msingi za vijijini, na mengi ya majengo hayo huitwa Yifu, jina lake la Kichina. Aghalabu mchango wake ulikuwa sehemu tu ya gharama, na mamlaka za mahali husika zilitakiwa kutoa sehemu iliyobaki. Sisi tuliosoma katika shule zilizoanzia kwa harambee au kwa tofali za wanakijiji tunauelewa utaratibu huo bila maelezo marefu: anayechangia jengo hulilinda. Mjini Hangzhou ipo hospitali yenye jina lake, iliyofunguliwa mwaka 1994, na katika Chuo Kikuu cha Kichina cha Hong Kong kipo Chuo cha Shaw.

Mwaka 2002 alianzisha Tuzo ya Shaw, iliyoanza kutolewa mwaka 2004 kwa fani tatu, kila moja ikiwa na dola milioni 1 za Marekani: astronomia, sayansi ya uhai na tiba, na hisabati. Uchaguzi huo unanifurahisha sana, kwa sababu Nobel haina tuzo ya hisabati wala ya astronomia peke yake. Uenyekiti wa kituo cha televisheni cha TVB, alichoshiriki kukianzisha mwaka 1967, aliuacha akiwa amevuka miaka 100, na alifariki tarehe 7 Januari 2014 akiwa na umri wa miaka 106. Tuzo yake ingali ikitolewa.