Koti la mlinzi

Swali ninaloulizwa kuliko yote pale mapokezi si bei ya chumba wala paswedi ya waifai. Ni hili: "Dada, usiku hapa watu wanachangamkia wapi?"

Niko kwenye gesti moja maeneo ya Mafiati, Mbeya, zamu ya usiku, mwaka wa nane sasa. Anayeuliza mara nyingi ameshuka kwenye basi la Dar, zaidi ya kilomita mia nane amekunja magoti. Ameoga, amevaa shati la mikono mifupi, manukato yanamtangulia kwenye ngazi. Saa yake inasema saa tatu na nusu usiku. Anataka ajinyooshe kidogo, aamke saa sita ndipo aingie mtaani. Namwambia, "Baba, ukiamka saa sita utakutana na mbwa na malori."

Hucheka. Anadhani namtania kwa sababu mimi Mnyakyusa na yeye mtu wa pwani.

Mji huu umekaa mita kama 1,700 juu ya bahari, na mlima Loleza umeuinamia kwa nyuma na mita zake 2,656. Ukija Juni au Julai, usiku nyuzijoto zinashuka chini ya 10 bila kupiga hodi. Kwa hiyo watu wa hapa wanaanza mapema. Saa kumi na mbili jioni mkaa umeshakolea mitaa ya Mwanjelwa, Kabwe, Soweto na Mama John. Saa mbili viti vya karibu na moto vimekwisha. Saa tano, kama si wikiendi wala mwisho wa mwezi, mhudumu anaanza kupandisha viti juu ya meza huku anakutazama. Dar joto linawatoa watu ndani. Huku ni baridi inayowasukuma wasogeleane, kisha inawarudisha nyumbani.

Koti liliingia kwenye habari hii Julai moja, alipofika mkaguzi wa mahesabu kutoka Dar, mtu mnene mwenye adabu, jioni ya Alhamisi. Alhamisi ndiyo siku yangu ya mapumziko, ila nilikuwa nimepita kuchukua simu niliyoisahau kwenye chaji. Nikamkuta amesimama mlangoni amejikumbatia. Babu, mlinzi wetu, mzee wa Kisafwa asiyependa maneno mengi, akavua koti lake. Ni koti la mtumba la sufu, zito kama blanketi mbili, lenye kifungo kimoja cha kweli na vitatu vya kubandikwa. Akamvalisha bila kumuuliza. "Ukirudi unaniamsha," akasema. Mlinzi huyo!

Mimi na mpishi wetu, Mama Suzi, tulikuwa tunakwenda kula kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, Soweto. Nilikuwa nimeshalisoma jina la mkaguzi kwenye kitabu cha wageni. Majina mengine nayaelekeza kwenye kuku wa kuchoma na mishikaki ya ng'ombe, wala sifungui mjadala. La kwake lilituruhusu, tukamchukua.

Kitimoto cha Mbeya kina utaratibu wake. Huletewi karatasi ya kuchagua chakula. Unakwenda mwenyewe dirishani, unaonyesha kwa kidole kipande kinachoning'inia, kinapimwa, unasema kilo au nusu, mkaango au rosti, na ndizi ngapi. Halafu unasubiri, dakika arobaini hivi. Mgeni wetu alianza kuangalia saa dakika ya kumi. Kumbe kule kusubiri ndiyo burudani yenyewe: unavuta kigoda karibu na jiko, moshi unakuingia kwenye nywele, jirani usiyemjua anakuuliza umetoka wapi, na kabla nyama haijaiva mmeshagundua kwamba shemeji yake amesoma na binamu yako Tukuyu.

Mhudumu akaja kuuliza vinywaji. Mkaguzi akaagiza bia. Dada akamuuliza, "Ya moto au ya baridi?" Ni swali la kawaida Tanzania nzima, ya moto maana yake ambayo haijakaa kwenye friji. Yeye ni mtu wa baridi, kwao joto halimpi nafasi ya kufikiria. Akataka baridi. Mama Suzi akamgusa mkono, "Baba, ya moto ya huku ndiyo ya baridi ya kwenu." Hakusikia. Alishika chupa kwa mkono wa koti, kama mtu aliyeshika sufuria jikoni. Ya pili aliagiza ya moto, na nilimwona anaitazama kwa heshima.

Nyama ilipofika hakukuwa na uma. Maji ya kunawa, sinia, kachumbari, ndimu, pilipili mbichi zile ndogo, ndizi zimekaangwa zikanywa mafuta. Nadhani alikula peke yake zaidi ya nusu kilo, lakini mimi si mkaguzi.

Saa nne na robo akauliza, "Sasa ndiyo tunaenda wapi?" Tukamwambia tumeshafika.

Sisemi hakuna disko. Ijumaa na Jumamosi zipo, singeli na amapiano mpaka kuta zinatetemeka, na ukikaa kwenye baa za madereva wa malori utasikia rumba ya Kongo na muziki wa Zambia, maana Tunduma iko kama kilomita mia tu na barabara hii inabeba mizigo ya nchi za watu. Wanaopenda huko nawaelekeza, na nawapa ushauri mmoja: chupa zako tupu zisiondolewe mezani mpaka ulipe. Mwaka juzi mgeni wetu alidaiwa bia kumi na moja na alikuwa amekunywa saba, meza ikiwa safi kama ya harusi. Sehemu yenyewe siitaji. Na bajaji mpigie dereva unayemjua, kwa sababu tangu waanze kupanua barabara kuu iwe ya njia nne, kutoka Nsalaga hadi uwanja wa ndege wa Songwe, michepuko imekuwa mingi, na dereva mgeni gizani anaweza kukutembeza Ilomba yote kabla hujaiona Kabwe.

Simba au Yanga wakija kucheza Sokoine, hapo sina ushauri kabisa. Vyumba vinajaa tangu jana yake, kitimoto kinakwisha mapema, na hata vibanda umiza vinajaa watu waliokosa tiketi, wanatazama kwenye skrini mechi inayochezwa kilomita mbili kutoka walipokaa.

Kuna usiku mwingine ambao wageni hawauulizi, nao ndio mrefu kuliko wote. Mkesha. Mbeya ina makanisa mengi, kila mtaa una lake na mengine yanatazamana, na Ijumaa usiku mengi hayalali. Saa nane za usiku baa imefunga, ila kanisani kinanda ndiyo kwanza kinapata moto, spika zinatazama mtaani, watu wanaruka mpaka jasho linawatoka kwenye baridi ile. Mgeni mmoja, kijana wa mauzo ya simu, alirudi kutoka disko saa saba akiwa hajaridhika, akasikia muziki ng'ambo ya barabara, akaufuata akidhani ni baa nyingine. Alirudi saa kumi na moja alfajiri, amechoka, ananuka maji ya chungwa badala ya pombe. Akaniambia pale ndipo alipocheza kuliko mahali pote tangu atoke Dar. Wala hakuombewa kwa nguvu, alisema, walimpa kiti na soda.

Na Jumamosi jioni, kama una bahati, utakutana na matarumbeta. Wamisionari wa Kanisa la Moravian walifika Rungwe 1891, na matarumbeta hayajanyamaza tangu nianze kusikia vizuri. Gari la wazi linapita na wapigaji wamesimama nyuma, mashavu yamevimba, wanampeleka bibi harusi ukumbini. Watu wanatoka dukani kutazama. Kwangu mimi hiyo inazidi disko lolote, na ni bure.

Wapo wanaotaka pombe za kienyeji, hasa wanaotoka nje ya nchi. Komoni na kimpumu zipo vilabuni, ila vilabu vya huku ni vya mchana, jua likizama wazee wanaanza kujikusanya. Ulanzi nawaambia wakanywe Iringa au Njombe, tena wakati wa mvua, mianzi inapotoa maji. Mmoja alining'ang'ania nimtafutie mwezi wa tisa. Nikamwambia, kaka, huo ni sawa na kunitaka embe la Julai.

Turudi kwa mkaguzi. Alirudi saa tano kasoro, ametembea mwenyewe na wala hakuyumba. Babu alikuwa amejikunja kwenye kiti cha getini na kanga ya Mama Suzi mabegani. Mkaguzi akamwamsha kama alivyoagizwa, akamvulia koti. Lilikuwa linanuka moshi na mafuta ya nguruwe mpaka Babu akalinusa mara mbili, akauliza kama kuna kilichobaki. Kilikuwepo, tulikuwa tumemfungia kwenye gazeti.

Habari zilisambaa kwa wakaguzi wenzake. Siku hizi wakija wanauliza koti kabla ya chumba, na Babu anatoza elfu mbili kwa usiku, dhamana kitambulisho. Jumanne iliyopita alikwenda mtumba Mwanjelwa akarudi na la pili, limefika mpaka magotini, kubwa kuliko yeye na mimi tukiingia pamoja.

"Hili," akasema akilitundika kwenye msumari, "la watu wa Dar."