Mteremko wa Biiso

Jumamosi hatimaye nilimpeleka Mzee, baba yangu, mpaka Wanseko, kivuko cha Ziwa Albert huku Uganda. Tangu lami ikamilike alikuwa akiniomba, nami kila mara ninamwambia mwezi ujao. Tulitoka Hoima asubuhi, mvua ya Novemba imetoka kukatika, barabara inafuka mvuke. Kilomita 111 mpaka kivukoni. Bila mafuta yaliyogunduliwa huku mwaka 2006, sidhani kama kuna mtu angetukumbuka na lami hii.

Tulipofika juu ya mteremko wa Biiso, Mzee akasema, "Simama."

Ziwa Albert lote lilikuwa chini yetu. Kiangazi huwa huoni ng'ambo kwa ukungu wa vumbi, lakini mvua ilikuwa imeosha hewa na milima ya Kongo ilisimama pale, ya buluu, mabonde yake yanahesabika. Nikatoa simu nipige picha. Mzee wala hakuangalia ziwa. Alikuwa anaangalia ukingo wa barabara.

"Utingo alikuwa anashukia hapa," akasema.

Aliendesha lori la samaki njia hii miaka mingi, wakati ikiwa udongo na mawe. Hilo nalijua. Nisilolijua ni kwamba utingo alikuwa akikimbia kando ya gurudumu la nyuma na gogo mkononi, breki zikigoma alitupe chini ya tairi. Mzee ndani, gia ya kwanza, mlango wazi.

"Ulikuwa huufungi mlango, Baba?"

"Nani afunge mlango akishuka hapa?"

Nyumbani sisi tulikuwa tunaona samaki na mkate tu. Anakula, analala, alfajiri hayupo.

Tukashuka. Wimbo mmoja wa redioni haujaisha, tuko bondeni. Lakini niliona mkono wake wa kushoto umeshika kitasa njia nzima.

Butiaba tulipita tu. Bandari iliyokuwa na meli zake haikupona tangu ziwa lilipofurika miaka ya sitini mwanzoni, na Mzee hana subira na magofu.

Wanseko ndiko alikochangamka. Muziri, wale samaki wadogo wa ziwa hili, walikuwa wameanikwa juu ya nyavu kuukuu, wanang'aa kama sindano, na feri ya Panyimur, ng'ambo ya pili, bado iko mbali majini. Mama mmoja wa Kikongo akamwita, "Papa, njoo, iko samaki ya leo!" Mzee akamjibu kwa lafudhi ileile, wakabishana bei mpaka nikaona aibu. Kumbe Kiswahili tunachosema nyumbani alikiokota hapa, kwenye mizani. Akaondoka na karai zima, na gari langu litanuka mpaka Krismasi.

Wakati wa kurudi nilipanga nimuulize yule utingo aliishia wapi. Nikasema tukianza kupanda nitamuuliza. Nilipogeuka tulikuwa tumeshafika juu, Mzee amelala, kitasa mkononi.