Chapati imeungua kwa ajili ya Hitler

Jana jikoni, kwenye nyumba tunayopanga, ubishi: nani alimpiga Hitler? Mrusi kasema ni wao, watu milioni 27 walikufa. Mmarekani akaleta Normandy, walivyotua Ufaransa 1944. Mwingereza naye: "1940 tulibaki peke yetu!" (Peke yenu na makoloni yote yale, haya.) Mfaransa akachomoa simu: mwaka 1945 asilimia 57 ya Wafaransa walisema Wasovieti ndio waliochangia zaidi, 2004, asilimia 58 wakasema Marekani. Vita ni ile ile jamani!

Nikawatajia keya, askari wa Afrika Mashariki kwenye jeshi la Mwingereza, waliopelekwa Burma (Myanmar ya leo) kupigana na Wajapani 1944, babu yake mama akiwemo. Kimya. Kisha Mmarekani: "Waafrika walifika Burma?"

Nikageukia chapati yangu. Upande mmoja mkaa mtupu.