Grili ya Camaro imefufuka

Wiki ya tatu sasa gereji inanuka asetoni, na mama watoto ameshachoka na mimi. Grili ya gari langu, Camaro ya 1969, yaani ule wavu wa mbele (kule Dar fundi angeiita shoo), ni plastiki tupu, aina ya ABS. Jua la Texas lilikuwa limeipausha ikawa kijivu, nyufa tano, vijiti viwili vimekatika kabisa.

Nikaanza vibaya. Niliipangusa kwa asetoni nitoe mafuta, uso ukanata kama ulimbo! Kumbe asetoni inayeyusha ABS. Basi nikaitumia hiyohiyo: nikachukua vipande vya Lego vya mwanangu, vile vitofali vya kuchezea, navyo ni ABS, nikavikatakata ndani ya chupa ya kioo yenye asetoni. Kesho yake, uji mzito. Nikaziba nyufa kwa upande wa nyuma, tabaka jembamba mojamoja, maana ukikauka unanywea. Kisha msasa wa maji, kuanzia mkali hadi laini: namba 220, 400, 600. Bega hoi. Praima ya plastiki (rangi ya msingi), halafu rangi nyeusi isiyong'aa sana.

Dogo alikubali kutoa vipande vyekundu tu, na bado anadai fidia.