Kamera mbili vichochoroni Mji Mkongwe

Mji Mkongwe wa Zanzibar ni mahali pagumu kupima mwanga, na kwa sababu hiyo hasa napenda kutembea humo na kamera mbili, moja ya filamu na moja ya dijitali. Ikifika saa nne asubuhi, sehemu ya juu ya ukuta wa chokaa inawaka kwa weupe, na chini yake, barazani, mzee mwenye kanzu ameketi kwenye kivuli kizito. Kati ya ukuta ule na uso wa mzee kuna tofauti ya stopu tano, wakati mwingine sita. Kila stopu ni mwanga mara mbili ya ule wa chini yake, kwa hiyo stopu tano ni mara 32. Lazima kitu kipotee. Kipotee upande gani, hapo ndipo kamera hizi mbili zinapoachana njia.

Filamu ya negativu huvumilia mwanga ukizidi. Ilford HP5, filamu ya nyeusi na nyeupe ya ISO 400 (ISO ni kipimo cha wepesi wa kunasa mwanga), ukiizidishia stopu mbili, negativu inatoka nzito, lakini nyufa na mabaka ya ukuta wa chokaa bado yamo. Ukiinyima mwanga, kivuli kinabaki plastiki tupu inayopitisha mwanga, na hakuna dawa itakayoleta uso ambao haukuandikwa. Sensa ya dijitali ni kinyume chake. Ikishafika kikomo hurekodi nyeupe tupu, na huo weupe haurudi, ilhali kwenye kivuli, kama umepiga kwa RAW, yaani faili ghafi la kamera, unaweza kuvuta stopu tatu juu na picha bado ikatazamika. Kwa hiyo kwa filamu napima kivulini, kwa dijitali napima penye jua.

Kupima kivulini ni rahisi ukitumia kiganja. Kipima mwanga cha kamera hudhani kila kinachokiona ni kijivu cha asilimia 18. Kikijazwa kanzu nyeupe, kinaifanya iwe ya kijivu na uso unazama. Kikijazwa buibui jeusi, nalo kinalifanya la kijivu na kila kitu kinapauka. Ngozi nyeusi ikipimwa kwa karibu, kipimo kinaing'arisha kuliko ilivyo. Viganja vya watu wa rangi zote vinakaribiana, na vinaakisi mwanga takriban stopu moja zaidi ya kile kijivu. Basi nyoosha kiganja chako ndani ya kivuli kilekile alichokaa mtu, kijaze kwenye fremu, soma kipimo, kisha ongeza stopu moja. Kipimo kikisema f/5.6 (upana wa tundu la lenzi; namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa) kwa 1/125 ya sekunde, piga f/4 kwa 1/125. Mtu wa barazani hahitaji kusogelewa na lenzi usoni kabla hata hujamsalimu.

Bila kipimo chochote, filamu ya ISO 400 kwenye jua kali ni f/16 kwa 1/500. Kwenye kichochoro chembamba chenye ghorofa tatu kila upande, anzia f/4 kwa 1/250, na kikizidi kuwa kiza shuka hadi 1/125. Mchanga mweupe wa pwani, panda hadi f/22. Baada ya muda macho yanazoea, na mkono unageuza pete ya lenzi wenyewe.

Kwa dijitali, washa alama ya kumetameta inayoonyesha sehemu zilizoungua, kisha punguza mwanga kwa theluthi mbili ya stopu au stopu nzima mpaka ukuta wa chokaa uache kumetameta. Picha kwenye skrini itaonekana ya kiza, usiogope. Uso utaupandisha nyumbani. Mbingu inayochungulia kati ya mapaa mimi huiacha iungue, kwa sababu kuiokoa hiyo ni kumtoa mhanga mtu aliye chini.

Saa nzuri ni chache. Huku karibu na ikweta jua linapanda karibu wima, nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo mwanga laini wa asubuhi umekwisha saa mbili au mbili na nusu. Karibu tarehe 5 Machi na 9 Oktoba jua linapita juu ya utosi kabisa adhuhuri. Penye uwanja kama Forodhani, macho ya watu yanageuka mashimo meusi. Vichochoroni mambo ni tofauti: jua linafika hadi chini kwenye sakafu, linadunda kutani na kupanda usoni mwa aliyekaa barazani. Nakaa humo mchana, nje naenda alasiri baada ya saa kumi.

Kamera ya filamu ninayompendekezea anayeanza ni Pentax K1000, kwa sababu shata yake, pazia linaloachia mwanga uingie, inaendeshwa na springi mpaka 1/1000 na inafanya kazi hata betri ikifa. Kipimo chake hakina swichi, hivyo funika lenzi kila ukiiweka, la sivyo betri inaliwa ndani ya begi. Canon AE-1 ni nzuri, ila betri ikiisha shata haipigi kabisa, beba betri ya akiba. Kamera kama Canonet QL17 zilitengenezwa kwa betri ya zebaki ya volti 1.35 ambayo haiuzwi tena. Ukiweka ya alkali ya volti 1.5, kipimo kinadhani mwanga ni mwingi kuliko ulivyo na kinakunyima mwanga, yaani kosa lilelile ambalo filamu haisamehe. Betri namba 675 ya vifaa vya kusikia, ya volti 1.4, ikizungushiwa pete ya mpira ili ikae sawa, inatosha.

Ukiweka mkanda wa filamu, funga mgongo wa kamera, kaza taratibu kitasa cha kurudishia filamu mpaka ukisikie kimeshika, kisha vuta wenzo wa kusogezea filamu. Kitasa kisipozunguka unapovuta, filamu haijashikwa na gurudumu, na utatembea mji mzima ukipiga hewa.

Unyevu ndio adui mkubwa wa pwani. Kuvu huota ndani ya lenzi iliyofungiwa kwenye begi la ngozi gizani. Ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, vijipakiti vya silika jeli na kipima unyevu kidogo vinatosha. Lenga asilimia 40 hadi 50. Silika ikibadilika rangi, ikaushe kwenye oveni kwa nyuzi 120 na irudishe. Ukitoka chumba chenye kiyoyozi, funga kamera kwenye mfuko wa plastiki ingali humo ndani, uufungue nje baada ya nusu saa. Ukungu utaganda juu ya mfuko, si kwenye kioo. Filamu iliyotoka friji nayo isifunguliwe mara moja, ipe saa moja au mbili.

Kusafisha filamu mwenyewe nyumbani ni kupambana na joto. Maji ya bomba hapa yanaweza kuzidi nyuzi 27, na jedwali la dawa limeandikwa kwa 20. HP5 kwenye dawa ya kusafishia ya ID-11, iliyochanganywa kipimo kimoja cha dawa kwa kimoja cha maji, ni dakika 13 kwa nyuzi 20, karibu dakika 9 kwa 24. Sishuki chini ya dakika tano, kwa sababu hapo dawa haipati muda wa kuenea na mbingu inatoka na mabaka. Napendelea 24: beseni la maji, chupa za barafu ndani yake, na chupa zote za dawa zimesimama humo, pamoja na maji ya kuoshea. Zikitofautiana sana joto, ngozi laini ya filamu inakunjamana na chembe zinakuwa kama mchanga. Tanki la kusafishia la Paterson linataka mililita 290 kwa mkanda mmoja. Ligeuze mara nne ndani ya sekunde kumi za mwanzo, kisha mara nne kila dakika, na uligonge chini kidogo kuondoa mapovu. Kwa vichochoro vyenye tofauti kubwa ya mwanga, piga HP5 kama ni ya ISO 200 na utoe karibu dakika moja na nusu kwenye hizo tisa: kivuli kinajaa, ukuta hauzidi.

Fiksa, dawa inayoifanya picha isibadilike tena kwa mwanga, ijaribu kabla ya kuitumia. Kata kipande cha ncha ya filamu, kitumbukize, hesabu sekunde mpaka kiwe angavu; muda wa kufiksi ni mara mbili ya huo. Kuosha filamu baada ya hapo, maji yakiwa ya shida, usiache bomba likitiririka. Jaza tanki, geuza mara tano, mwaga. Jaza, geuza mara kumi, mwaga. Jaza, geuza mara ishirini. Mara ya mwisho tumia maji yaliyotoneshwa, yale yanayouzwa kama maji ya betri, lakini soma chupa vizuri usije ukauziwa asidi. Maji ya visima vya mwamba wa matumbawe yana chokaa, nayo huacha madoa meupe ambayo hayafutiki bila kukwaruza.

Tundika bafuni, kibanio cha nguo chini kikiwa uzito, mlango umefungwa, feni imezimwa kwa ajili ya vumbi. Ngozi ya filamu iliyolowa kwenye joto letu ni laini mno, usiipitishie vidole.

Hapo kamera ya dijitali inarudi kazini, safari hii kama skana. Ubao wa taa nyeupe chini, negativu juu yake, lenzi ya makro, f/8, ISO 100, kipima muda cha sekunde mbili ili mkono usitikise. Weka kioo kidogo cha kujitazamia mahali pa negativu: lenzi ikijiona katikati ya fremu, kamera imekaa sambamba. Kisha chapisha moja ya sentimita 10 kwa 15 kwa ajili ya mzee wa barazani, maana kamera ya filamu haikuwa na skrini ya kumwonyesha. Mpelekee asubuhi, kabla ya saa tatu, wakati kahawa bado iko.